Soko na Ijumaa

Hadi kufika saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Sanatu Yakubu alikuwa ameshauawa mara nne, na mara zote nne muuaji alikuwa yuleyule.

Skrini ilikuwa nyeusi. Hapakuwa na picha wala sauti, ila herufi nyeupe zilizojitokeza mstari mmoja baada ya mwingine: *Katari yuko mlangoni. Mkononi ana panga. Je, unamwamini? Andika ndiyo au hapana.*

Mara ya kwanza alikuwa ameandika *hapana*. Kompyuta ikamjibu: *Unakimbia. Katari anakufuata na panga. Umekufa.* Akarudi mwanzo, akapita vyumba vyote tena, akafika mlangoni, akaandika *ndiyo*. *Unakimbia. Katari anakufuata na panga. Umekufa.* Mara ya tatu na ya nne alibadilisha majibu kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa. Alikufa vilevile.

"Mwalimu," alisema, "nijibu nini ili nisife?"

Mwalimu Neindow alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, fundi wa simu aliyestaafu na kufungua darasa la kompyuta mtaa wa Lamashegu, nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba kilitengwa na uchochoro kwa ukuta wa mbao nyembamba, na vumbi la upepo wa kaskazini lilikuwa limeingia kila mahali, hata katikati ya vitufe vya kibodi. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Sijui, Inspekta. Sijawahi kuicheza mpaka mwisho. Nilikuwa nasahihisha mistari yake tu, naye alikuwa bado hajaniletea hii."

Mchezo huo uliandikwa na Wunpini, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa amejifunza programu kwa miezi mitatu. Wunpini hakuonekana tangu Jumamosi. Mchumba wake Katari, mchinjaji wa soko la Aboabo, alisikika akigombana naye siku moja kabla, na panga lake lilikutwa na damu. Jumatatu, Sajini Bukari alikuja hapa darasani na mashahidi wawili, akaucheza mchezo mara tano, akafa mara tano, akaandika kwenye jalada: *Hata marehemu mwenyewe amemtaja.* Mwili haukuwa umepatikana, lakini sajini aliandika marehemu. Sanatu alitia saini chini yake. Tangu siku hiyo Katari alikuwa mahabusu, uso umevimba, akirudia neno moja tu: muulizeni Wunpini mwenyewe.

Jana jioni Sanatu alilisoma jalada upya. Sajini Bukari alikuwa na sifa moja njema: aliandika kila kitu. Aliandika kwamba alijibu hapana mara tatu na ndiyo mara mbili. Sanatu aliutazama mstari huo kwa muda mrefu. Mtu anayeuliza swali lenye majibu mawili, huwa amekusudia mambo mawili. Hiyo ndiyo sababu ya kuja hapa asubuhi, peke yake, bila kumwambia sajini.

"Nionyeshe mistari aliyoiandika," alisema. "Lakini kwanza nakili yote kwenye flashi, na hiyo nakala usiiguse. Tutafanya kazi kwenye ile nyingine."

Mwalimu alinakili. Sanatu akaandika saa na tarehe kwenye daftari lake, wote wawili wakatia saini. Kisha mwalimu akaufungua mchezo kwa ndani, na skrini ikajaa mistari. Akashuka nayo polepole kwa kidole hadi pale penye jina la Katari, na kidole kikasimama.

"Loo, huyu mtoto," alisema. "Soma hapa. *Kama jibu ni hapana, au h, basi Katari anafuata na panga.* Alitaka mchezaji aweze kuandika hapana kwa kirefu au herufi h tu. Si vibaya. Ila hakuuliza kama jibu ni h. Ameiacha h imesimama peke yake."

"Kuna tofauti gani?"

"Kompyuta haijui alichokusudia. Ikikuta neno limesimama peke yake, haliulizwi kitu, na si tupu, inalihesabu kuwa ni kweli. Kwa hiyo sharti lote linakuwa kweli, ujibu usijibu. Mwambie ndiyo, mwambie pilipili, panga litainuka tu. Wanafunzi wote wanaoanza hulikosea hili. Mwenzake mmoja aliandika mchezo wa benki, kila nywila ikawa sahihi."

"Na kama sharti lisingekuwa kweli? Kingetokea nini?"

Mwalimu alishuka mistari mitatu. Chini ya neno *ama sivyo* palikuwa na maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona yakitokea kwenye skrini. Aliyasoma kwa sauti ndogo: *Katari anakata kamba ya mlango kwa panga. Anakushika mkono. Mko nje. Umeokoka.*

Sanatu alimkumbuka Katari kwenye benchi la mahabusu, akijaribu kunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo.

"Inawezekana alikusudia iwe hivyohivyo," alisema hatimaye. "Kwamba hakuna anayeokoka."

"Hakuna mtu anayekaa akaandika mlango wa kutokea ili asitoke mtu," alisema mwalimu. "Alikosea. Na sisi tumemfunga mtu kwa sababu ya herufi moja."

Alisema sisi, ingawa yeye hakumfunga mtu. Sanatu alilisikia neno hilo likimkaa begani.

Alikuwa anaandika kwenye daftari pikipiki iliposimama uchochoroni. Mtu alisalimiana na vijana wa mashine ya kusaga, kisha benchi la nje likalia kwa uzito. Kwenye kioo cha dirisha chenye ukungu kilionekana kivuli cha kichwa na mkono unaosugua meno kwa mswaki wa mti.

Mwalimu alimnong'oneza kwamba huyo ni Zakari, mpwa wa Hajia Memunatu na dereva wake. Sanatu alimfahamu Hajia, kama kila mtu mjini Tamale alivyomfahamu. Alikuwa mfanyabiashara wa fugu, yale mashati mapana ya kitambaa cha kufuma, mjane, mwenye nyumba kubwa mtaa wa Jisonayili. Wunpini alikuwa akishona kwake. Wakubwa wa polisi hula kwake kila Idi.

"Anataka nini?"

"Alikuja Jumatatu pia, baada ya Sajini kuondoka. Alisema familia ya Wunpini imemtuma kuchukua vitu vyake. Nikamwambia kompyuta ni ya darasa. Basi akaomba acheze ile gemu. Alikaa saa nzima, Inspekta. Kucheza hakujui, lakini alicheza." Mwalimu aliangalia dirishani. "Halafu akaniuliza, mbona vyumba ni sita."

"Alitaka viwe vingapi?"

Mwalimu aliuanzisha mchezo. Mstari wa kwanza kabisa, ambao Sanatu alikuwa ameusoma mara nne bila kuuona, ulisema: *Nyumba hii ina vyumba saba.*

Sanatu alihesabu kwa vidole alivyopita. Sebule. Jiko. Chumba cha cherehani. Stoo ya vitambaa. Ukumbi. Stoo ya mapipa ya mafuta ya shea. Hapo mwisho pa stoo, mchezo ulikuwa ukimwambia: *Mbele ni ukuta. Hakuna njia.* Kisha unarudi, na Katari anakusubiri mlangoni.

"Nilimjibu pengine cha saba hakukimaliza," alisema mwalimu. "Nilidhani hivyo kweli."

"Hii nyumba ni ya kubuni?"

"Mimi huwaambia waandike mahali wanapopajua. Mmoja kaandika soko, mmoja shule yake. Mtu anayeanza akibuni hata nyumba, atapotea humo mwenyewe."

Wakatazamana: nyumba aliyoijua Wunpini, alikoshona kila siku, ilikuwa ya Hajia. Nje mswaki uliendelea kukwaruza meno. Sanatu alisogeza kiti karibu na skrini mpaka bega lake likagusana na la mwalimu, na kuanzia hapo waliongea kwa pumzi tu.

Mwalimu aliutafuta ukuta wa stoo. Aliupata chini kabisa, baada ya mistari mia na kitu, na ukuta huo ulikuwa na sharti juu yake. *Kama siku ni soko, na siku ni ijumaa, basi fungua chumba cha saba. Ama sivyo, mbele ni ukuta.*

Siku ilichaguliwa mwanzoni mwa mchezo. Kompyuta iliuliza: leo ni siku gani, kawaida, soko, au ijumaa? Mchezaji akaandika neno moja.

"Hapa napo amekosea," mwalimu alinong'ona. "Kinyume cha kule. Siku ni kama kisanduku, kinabeba neno moja. Ukiandika soko, si ijumaa. Ukiandika ijumaa, si soko. Yeye anataka yawe yote mawili kwa pamoja, na hilo haliwezekani kamwe. Alitaka kusema *au*. Kule mlango haufungiki, huku mlango haufunguki."

"Kwa nini soko au Ijumaa?"

Mwalimu alipandisha mabega. Lakini Sanatu alikuwa ameshapata. Siku ya soko Hajia huenda na wafanyakazi wote kwenye maduka yake. Ijumaa huenda msikitini, kisha makaburini kwa mumewe, na wafanyakazi hupumzika. Hizo ndizo siku mbili ambazo fundi cherehani angebaki peke yake katika nyumba ile.

"Badilisha," alisema.

Mwalimu alifuta *na*, akaandika *au*. Akauanzisha mchezo. Siku: *soko*. Wakapita sebule, jiko, cherehani, vitambaa, ukumbi, mapipa. Mwalimu aliandika *mbele*, na kabla ya kubonyeza alijifuta kiganja kwenye suruali.

*Unasogeza magunia. Nyuma yake kuna mlango wenye komeo kwa nje. Chumba hakina dirisha. Bibi Napaga amekaa chini. Anaomba maji. Anasema: usimwambie mtu umeniona, watakufanya kama mimi.*

Mwalimu ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema Bibi Napaga ni wifi yake Hajia, dada mkubwa wa marehemu mume. Mume alipokaribia kufa alitamka mbele za watu kwamba nyumba ni ya dada yake. Bibi alirudi kwao, mji wa Yendi, mwanzo wa mvua, miezi sita sasa. Mji mzima unajua yuko Yendi.

Sanatu alimwandikia ujumbe koplo wa kituo cha Yendi, ambaye mama yake alikaa mtaa mmoja na ukoo wa Napaga. Aliweka simu mapajani. Dakika saba zilipita. Alizihesabu kwa mikwaruzo ya mswaki. Simu ikatetemeka: *Hayupo hapa afande. Wanasema yuko Tamale kwa wifi yake, anatunzwa vizuri.*

Yendi walimdhani Tamale, na Tamale walimdhani Yendi. Bibi alikuwa amepotea kwa miezi sita bila mtu kumtafuta.

Na Wunpini alipotea Jumamosi. Sanatu alihesabu tena kwa vidole, safari hii polepole. Jumamosi iliyopita ilikuwa soko. Soko la Tamale hurudi kila baada ya siku sita. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Mwalimu," alisema. "Leo ni soko."

"Ndiyo."

"Na ni Ijumaa."

Mswaki ulikuwa umenyamaza. Hawakujua tangu lini. Kivuli hakikuwapo dirishani tena, na pazia la mlangoni likasogea.

"Salaam aleikum."

Yalikuwa maneno ya adabu, kwa sauti ya adabu. Zakari alikuwa mtu mkubwa, mpole wa kutazama, kanzu safi ya Ijumaa. Kutoka mlangoni hadi kwenye skrini zilikuwa hatua nne. Sanatu aligeuza kiti chake chote, akaukinga mwanga wa skrini kwa mgongo, na nyuma yake akasikia vidole vya mwalimu vikipiga vitufe haraka.

"Aleikum salaam," alisema. "Karibu, kaka. Unamsubiri mwalimu?"

"Hajia amenituma, Mama Inspekta. Anasema hiyo kompyuta yuko tayari kuinunua, mwalimu ataje bei mwenyewe. Ili wazazi wa binti wapate kumbukumbu. Ametuhuzunisha sana yule binti."

"Hajia ana moyo."

"Ndivyo alivyo." Alikuwa ameshapiga hatua mbili. "Na ninyi mnacheza? Mmekifikia chumba cha saba?"

Alilisema akitabasamu, kama mtu anayetania. Sanatu alitabasamu pia.

"Hakuna cha saba. Mwalimu anasema hakukimaliza."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini mtu hukosa usingizi kwa mambo madogo." Akapiga hatua ya tatu. "Niruhusuni nijaribu mara moja tu, kabla ya swala."

Kumkatalia kulikuwa ni kumwambia. Sanatu aliinuka akampisha. Skrini ilionyesha mstari mmoja, *Nyumba hii ina vyumba saba*, na swali la siku. Hakuweza kujua kama mwalimu ameurudisha mchezo wa zamani au ameuacha ule waliourekebisha. Kwa macho vilikuwa ni kitu kimoja. Alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu, na mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma.

Zakari aliandika kwa kidole kimoja. *ijumaa.*

Alipita sebule. Alipita jiko. Chumba cha cherehani alikiangalia kidogo, kana kwamba kuna mtu ndani. Sanatu alipima umbali wa kuufikia mlango, akaona kwamba mtu yule akisimama ataujaza. Stoo ya vitambaa. Ukumbi. Mapipa. Kidole kikapapasa herufi moja moja: *mbele.*

*Mbele ni ukuta. Hakuna njia.*

Zakari aliegemea nyuma. Kiti kikalia. Akaendelea hadi mlangoni, akajibu *ndiyo*, akafa kwa panga la Katari, akacheka chini kwa chini.

"Basi ni huyu mchinjaji," alisema.

"Ni huyo," alisema Sanatu. "Jumatatu tunampeleka mahakamani. Ila jalada langu lina upungufu, kaka, na wewe Mungu amekuleta. Nahitaji mtu anayeheshimika aandike alivyomjua Katari: ugomvi, vitisho, vyote. Kurasa mbili tatu. Sajini wangu mwandiko wake haumfai hakimu."

Alimwona akilipima ombi hilo. Kisha mabega ya Zakari yakashuka, na akaomba kalamu. Hakuna kilichomfurahisha kama kutakiwa amzike Katari kwa mkono wake. Mwalimu alimpa karatasi. Sanatu alitoka uchochoroni, akasimama pembeni ya mashine ya kusaga ambako kelele zingemfunika, akapiga simu mbili. Makonstebo wawili waje darasani, wakae na mtu anayeandika, wasimwache aondoke wala kushika simu. Sajini Bukari aje Jisonayili na gari.

"Nyumba ya Hajia?" sajini aliuliza. "Afande, una hati?"

"Kuna roho za watu humo. Kwa hilo sheria hainidai hati. Njoo na nyundo."

Alirudi ndani, akakaa na Zakari, akamsikiliza akitamka maneno aliyoyaandika, mpaka makonstebo walipoingia. Alipopita karibu na mwalimu alimwuliza kwa mdomo bila sauti: ulijuaje utaweza? Mwalimu alisogea karibu na sikio lake.

"Sikujua nimefungua upi," alinong'ona. "Mpaka ukuta ulipotokea."

Nyumba ya Jisonayili ilikuwa kimya. Wafanyakazi wote walikuwa sokoni, na waliobaki mtaani walikuwa wanatawadha. Sanatu alikuwa na karatasi ambayo mwalimu alimwandikia mpangilio wa vyumba, lakini hakuihitaji. Sebule ilikuwa mahali pake, jiko mkono wa kushoto, kama alivyovipita vyumba hivyo asubuhi ileile. Kwenye chumba cha cherehani kulikuwa na fugu ya mtoto iliyoshonwa nusu, sindano bado imo kwenye kitambaa. Sajini Bukari alimfuata nyuma na nyundo. Ndani ya gari alikuwa ameshaelezwa habari ya herufi moja.

Stoo ilinuka mafuta ya shea mpaka koo. Mapipa kumi na mawili, na kwenye ukuta wa mwisho magunia yaliyopangwa hadi darini. Waliyaondoa moja moja. La tano lilipoanguka, walisikia kitu upande wa pili, sauti ndogo ya mtu anayejisogeza mbali na mlango.

Sanatu alipaaza sauti, akasema yeye ni polisi. Hakujibiwa. Akasema ametumwa na Katari, ingawa haikuwa kweli. Ndani mtu akaanza kulia.

Komeo halikuhitaji nyundo. Wunpini alikuwa amekaa pembeni, midomo imepasuka, kamba mguuni, mikono amemzungushia mwanamke mzee mwenye umbo dogo kama la mtoto. Mwanga ulipowapiga wote wawili walijificha uso. Sajini Bukari alipiga magoti kufungua kamba, na alipomwomba binti radhi, hakuna aliyemwuliza ni kwa lipi.

Wunpini aliyasema yote kwa vipande, kati ya funda za maji. Alimgundua bibi siku moja ya soko, aliposikia mtu akikohoa ukutani. Kila soko na kila Ijumaa alimpelekea maji na chakula. Aliogopa kusema, kwani angemwambia nani, hao wanaokula kwa Hajia? Akaandika, kwa sababu kuandika hakukuhitaji kumtazama mtu usoni. Jumamosi Zakari alirudi mapema akamkuta ndani. Kwa hofu Wunpini akapiga kelele kwamba ameshaandika kila kitu darasani, kwenye chumba cha saba. Hilo ndilo lililomweka hai siku sita. Jana alimsikia Hajia ukumbini akisema, Ijumaa kompyuta ikija mikononi, mambo yaishe kabla ya magharibi.

"Katari yuko wapi?" aliuliza.

Sanatu alimwambia. Hakupunguza kitu, na hakusema ni saini ya nani. Kisha akaona hiyo nayo ni kupunguza, akamwambia ni yake. Binti akageuza uso. Sanatu alipiga simu kituoni mbele yake, akaamuru mahabusu atolewe na apelekwe hospitali, na Wunpini apelekwe hospitali hiyohiyo.

Bibi Napaga alikataa kwenda. Walimbeba hadi uani, akafunga macho kwa sababu ya jua, na gari lilipoletwa akaishika nguzo ya baraza. Sanatu alimweleza kwamba ni dhaifu, kwamba daktari anamsubiri, kwamba Hajia atakamatwa sokoni mbele za watu. Bibi alitikisa kichwa.

"Mkimkamata sokoni atasema hakuwahi kuniona," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyesahau kuitumia. "Nataka anikute. Mwanangu, nipatie kiti."

Sanatu aliitazama ile mikono myembamba ya bibi kwenye nguzo. Bibi aliogopa, ilikuwa wazi. Lakini hakuachia nguzo. Basi Sanatu aliingia sebuleni, akaleta kiti kikubwa cha ngozi alichokalia Hajia, akakiweka katikati ya ua. Alimfunika bibi kwa kitambaa kipya kutoka stoo, akamwosha uso kwa maji ya birika. Sajini akajibanza nyuma ya lango. Konstebo wa gari akalipeleka gari mtaa wa pili.

Walisubiri. Adhana ya Ijumaa ikalia, ikaisha. Mara mbili pikipiki ilipita barabarani na mara mbili Bibi alishika mkono wa Sanatu, akauachia.

Kisha honi ya teksi ililia nje, honi fupi ya mtu asiyezoea kusubiri. Lango lilifunguliwa. Hajia Memunatu aliingia akijipepea kwa ncha ya mtandio, akimwita Zakari, akiuliza mbona hajaja kumchukua na hiyo kompyuta iko wapi. Hatua tano ndani ya ua akasimama.

Bibi Napaga alijinyoosha kwenye kiti. Chini ya kitambaa mikono yake ilikuwa imekikamata kiti kwa nguvu, lakini Hajia hakuweza kuiona.

"Karibu, wifi," alisema. "Karibu kwangu."